Mashine Nzima

Alasiri moja pale Mishomoroni, kompyuta ya dukani kwa Kaviha iliganda tena, mshale ukakwama juu ya kadi ya harusi ambayo mteja wake Abdulaziz alikuwa akiisubiri kwa ajili ya mpwawe. Ilikuwa mashine kuukuu ya Linux, kichwa maji lakini haina ubaya. Kaviha alibonyeza vitufe, skrini ikawa nyeusi, akaandika amri ya kusimamisha sura, yaani yale yaonekanayo kwenye skrini. Madirisha, picha na mshale vikaondoka. Mashine yenyewe iliendelea kunguruma. Ng'ambo ya barabara ghala la saruji nalo likaondoka, yakabaki makaburi lililokuwa limeyakalia.

Ndivyo ilivyokuwa tangu ghala lijengwe, na mtaa ulishazoea. Jacktone, bawabu wa ghala, alibaki kwenye kiti chake cha plastiki akilinda geti ambalo halipo. Zamu ni zamu.

Bi Mwanarehema aliinuka kwenye benchi la wateja na msahafu wake na chupa ya maji. Mumewe alizikwa kule, chini ya mrehani ambao bibi aliupanda mwenyewe.

"Leo niache nimalize, mwanangu," alisema. "Kila nikija wanikata katikati. Kisomo cha kukatwa chaniuma, wallahi."

"Inshallah, Bi."

Akavuka. Kaviha hakukalika, kama kuku atakaye kutaga. Abdulaziz alikohoa, akatazama saa, akakohoa tena. Mara lori la saruji likafika, likakuta hakuna pa kushusha, likaanza kupiga honi juu ya sauti ya bibi. Kaviha akatoka mbio kumsihi dereva. Mlangoni alimgeukia msaidizi wake Mueni.

"Usiwe na wasiwasi. Mashine nzima!"

Mueni, aliyehamia juzi kutoka Kitui, alisikia, "Mashine, zima!" Akaizima, na swichi ya ukutani juu yake.

Sura ikisimamishwa, ghala huondoka. Mashine ikizimwa, hurudi. Likarudi na paa lake, na mifuko yake, na Bi Mwanarehema ndani. Lori likaingia.

Jacktone alimfungulia bibi, akampekua mkoba kama anavyompekua kila atokaye.

"Ulikuja kuona nani, mama?"

"Mume wangu."

"Anafanya upande gani?"

"Yuko chini."

Jacktone alifikiri. "Sawa. Lakini siku ingine uanzie kwa ofisi. Mgeni lazima bosi ajue."

Bibi alirudi kwa Kaviha, buibui limekuwa jeupe kwa vumbi la saruji. Kaviha alishindwa kumtazama usoni. Mueni alikuwa analia.

"Nyamaza, mwanangu, hukukusudia," bibi alimwambia, ingawa sauti yake ilitetemeka kwa hasira. Hasira hiyo haikumlenga Mueni, bali ghala. "Imebaki aya moja. Ile isemayo sote tutarejeshwa."

Kaviha aliiwasha mashine, na kabla picha hazijatulia akaisimamisha sura. Lori likajikuta kati ya makaburi. Dereva akavua kofia, akangoja. Bi Mwanarehema alivuka tena, akasoma aya yake mpaka mwisho, akaumwagia mrehani maji, akatoka taratibu kupitia pale geti linapokuwaga.

Abdulaziz akakohoa.

Kaviha akairejesha sura. Ghala likarejea mahali pake, na lori likaanza kushusha saruji.