Lulu na Filimbi Yake

Sesilia hakuja Durban kutembea. Alitoka Bukoba na neno moja tu kifuani: kumrudisha nyumbani bintiye Lulu, aliyeacha chuo cha Westville mjini humo akawa mwokoaji wa watu baharini. Mjomba Boniface alikwisha kumtafutia kazi ya ofisini. Lulu aliomba jambo moja tu: mama aje kwanza ufukweni amwone akiwa kazini, kisha aamue, naye atatii.

Basi Jumamosi moja ya Desemba Sesilia akashuka ufukweni. Watu walikuwa wamefurika, miavuli imebanana, muziki kila upande. Na juu ya kibanda cha mbao alikaa binti yake, kaptula nyekundu, mapaja nje, filimbi shingoni. Sesilia aliona aibu mpaka akatazama chini. Ndiyo kazi iliyomtoa chuoni hii?

Lulu alimwonyesha bendera mbili na kumwambia watu huingia majini katikati yake tu. Sesilia hakutia akilini. Mtu aliyekulia ziwani afundishwe maji na mtoto aliyemzaa? Akakunja kitenge, akaingia kando ya bendera palipokuwa shwari, asijue kuwa pale penye ushwari ndipo mkondo huvuta watu.

Filimbi ikalia. Ikalia tena kwa ukali, na kidole kikamwelekea yeye.

"Mama, toka majini. Sasa hivi."

Ufukwe mzima ukageuka. Tangu afiwe na mumewe hakuna aliyewahi kumwamuru Sesilia, lakini miguu yake ilitoka kabla hajaamua. Nyuma yake kandambili yake moja ilichukuliwa na maji, ikaenda zake kwa kasi ya kutisha. Lulu akapiga filimbi ndefu, akafunga upande ule wote, na wababa wazima na vitambi vyao wakatoka bila kunung'unika.

"Ule binti iko kali," Marcelline, Mkongo aliyeuza kofia pale, akamwambia. "Batu yote banamusikiaka. Unamujua?"

"Nimemzaa mimi," Sesilia akasema, kwa sauti iliyowafikia hata wasiouliza.

Lulu akaja mbio, uso umemshuka. Kumfokea mama mbele za watu! Akapiga magoti mchangani kama binti wa Kihaya anavyofanya mbele ya mkubwa wake, akaomba radhi, akainamisha kichwa kungoja uamuzi.

"Simama, mwanangu," Sesilia akasema. "Watu wako majini."