Mwalimu Aliyekataa Kucheza

Kilianza kiuno. Mama Gervas mwenyewe alikuwa bado amesimama wima mbele ya picha yake ukutani, mkoba kwapani, lakini kiuno kilishaondoka zake.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Miaka kumi na miwili tangu niolewe na Gervas, mama yake amenichapa kwa hadithi moja tu. Kwamba kule Zaire, enzi za utawala wa wanajeshi, wafanyakazi wa serikali walilazimishwa kumwimbia Jenerali na kumchezea kila asubuhi kabla ya kazi, na kwamba yeye, mwalimu wa shule ya msingi Bukavu, alikataa. Nikilalamikia zamu za usiku, yeye alikataa kucheza. Nikishindwa kumjibu bosi wangu huku Marekani, pale Landover, haya, tukae tusikilize tena alivyokataa. Sisi watu wa Nyeri tunajua kuvumilia, lakini jamani, kila kitu kina kiasi!

Basi Wakongomani wa huku kwetu Hyattsville walipoamua kufanya maonyesho ya maisha ya enzi hizo, katika ukumbi mmoja Riverdale Park, nani akapewa kazi ya kuandika maelezo ya picha? Mimi Nyaguthii, mkwe wa kuja, eti kwa sababu Kiswahili changu kimenyooka. Chini ya picha ya mama mkwe nikaandika kwa herufi kubwa: MWALIMU ALIYEKATAA KUCHEZA. Niliandika nimeuma meno, ila niliandika vizuri.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Mama Gervas alisimama kando ya picha yake akipokea mikono kama bibi harusi. Gervas naye, ambaye hawezi kuona spika akaiacha, akaona shughuli imepoa. Akawasha rekodi ya zamani ya nyimbo za kumsifu Jenerali.

Wanawake wa miaka sitini na ushei, ambao asubuhi hiyo hiyo walikuwa wakiyalilia magoti yao, waliweka sahani za sambusa chini wakajipanga mistari bila kuambiwa na mtu. Walikuwa wanamlaani Jenerali, wanacheka, na wanacheza. Na Mama Gervas je? Hatua mbili kushoto, mkono juu, zunguka, piga goti. Alicheza mpaka mstari wa mbele, akageuka, akaanza kuwasahihisha wenzake.

"Mukono ya kuume, Mama Zefania."

Hatua zile mtu hazijui kwa kuzichungulia dirishani. Nikiri tu: nilifurahi. Moyoni nilipiga vigelegele, nikamtafuta Gervas kwa macho ili naye aone.

Wimbo ulipokatika, Mama Gervas akajikuta amebaki mbele, mkono bado uko juu. Watu wakaitazama picha, wakamtazama yeye. Abigail wangu, ambaye ana miaka tisa na hadithi ile anaijua kuliko sala, akamuuliza kwa Kiingereza chake kama alikuwa anadanganya.

Mama Gervas akavuta kiti, akakaa.

"Nilikataa siku moja," alisema. "Kesho yake basoda wawili walikuja kwa nyumba na bunduki zao. Wakakaa, wakampakata baba yako, alikuwa angali mutoto muchanga. Hawakusema kitu. Asubuhi iliyofuata nilikuwa mstari wa mbele."

Abigail akamuuliza kama aliogopa.

"Kila asubuhi, miaka sita. Ndiyo maana sikukosea hata hatua moja."

Ile furaha yangu ilinitia aibu, nikakosa pa kuiweka. Nikachukua kalamu nene, nikaenda ukutani. Nilijua ananifuata kwa macho, akidhani nakwenda kumfuta mbele za watu. Mwishoni mwa yale maneno yangu nikaongeza mawili: SIKU MOJA.

Mama Gervas akainuka, akavaa miwani, akasoma polepole. Akaniambia mwandiko wangu umekwenda upande. Kisha akasimama kando ya maneno yale, akaniomba nimpige picha.