Sauti Mbele ya Lori

Saa sita ilikuwa imekwisha kupita, na lori la Bwana Kheri halijaonekana. Mwalimu Efraimu alisimama mlangoni mwa ghala la Lyamkena, pale Makambako, koti lake la sufu limefungwa vifungo vyote, akiikazia macho barabara ya kutoka Njombe. Zamani ghala hilo lilikuwa mali ya ushirika. Tangu serikali iruhusu biashara huria lilikuwa mikononi mwa Kheri, naye alihamisha mahindi yake ili watu wapate mahali pa kufanyia tamasha la vitabu. Hakuna aliyelipwa. Akina mama walipika, vijana wa kanisani walipanga mabenchi, na Efraimu, mwalimu mstaafu, alitunga ratiba na kuisimamia kama alivyosimamia shule yake miaka mingi.

Waliongojewa ni wanafunzi wa Tandala, kule Makete, waje wasome mashairi waliyoyatunga wenyewe. Miongoni mwao alikuwamo Beatha, mjukuu wa Efraimu, na shairi lake la maua ya pareto, ambalo babu yake alikuwa amelihifadhi kichwani. Hapakuwa na jirani ambaye hakuwa amesikia habari za shairi hilo.

Kheri alimletea chai. "Kama kukodoa macho kungeleta gari, Mwalimu, mimi leo ningekuwa na mabasi kumi. Kunywa kwanza."

Efraimu alikuwa anakipokea kikombe wakati Kheri alipomwona kijana mmoja akipita na benchi begani. Tabasamu likamfutika.

"Abasi? Si wewe utingo wa Fahadi, dereva wangu? Unafanya nini hapa?"

Abasi akalitua benchi. "Mwalimu aliniambia nibaki, bosi. Pangu wakae watoto wawili."

Kheri akamvuta mzee pembeni. "Mwalimu, kwenye milima ile mwezi huu wa Juni dereva haoni hata boneti yake. Utingo hushuka, akatangulia kwa miguu akipaza sauti, na dereva huifuata hiyo sauti. Wewe umemwondoa."

Efraimu akaitazama tena barabara. Alidhani utingo ni mtu wa kupakia mizigo na kuita abiria. Hakuuliza, kwani ni mtu aliyezoea kuulizwa. Akamkumbuka binti yake, mama yake Beatha, muuguzi kule Tandala, alivyotaka kujua nani atawaangalia watoto njiani, na yeye alivyomkata kauli kwamba mipango yote imekamilika. Chai ikamwagikia vidole asiisikie.

Baadaye kidogo likaingia lori la viazi kutoka Makete. Dereva wake alieleza kwamba aliondoka Tandala alfajiri na kumwacha Fahadi akipakia watoto. Ukungu kama wa siku hiyo, alisema, hakuwahi kuuona. Utingo wake mwenyewe nusura atumbukie bondeni. Kheri akamwomba asimweleze mtu mwingine.

Ratiba ikafika zamu ya Efraimu kusoma. Alipanda jukwaani akafungua kitabu, akasoma kwa sauti ileile iliyokuwa ikinyamazisha madarasa, lakini hakuelewa neno. Kila gari liliponguruma barabarani alipoteza mstari. Wasikilizaji walidhani anatua kwa ufundi, wakampigia makofi. Alikaa akiwa ameloa jasho, na baridi ya Makambako ile.

Jua la alasiri lilikuwa limeanza kushuka ndipo lori likaingia, matope hadi kwenye vioo. Efraimu akalisogelea. Akawahesabu watoto wakishuka mmoja mmoja. Beatha alishuka wa mwisho, viatu mkononi, fimbo ndefu kwapani.

Fahadi alieleza kwa maneno machache. Gurudumu la nyuma liliteleza hadi ukingoni, akazima injini, akakataa kuendelea. Huyu binti ndiye aliyeshuka bila kutumwa, akapapasa njia kwa fimbo huku akikariri shairi lake, mwanzo hadi mwisho, tena na tena. Wenzake walipotaka kumpokea alikataa.

Watu wakampisha hadi jukwaani. Beatha akafungua kinywa. Ikatoka pumzi tupu; sauti ilikuwa imemkauka njiani.

"Inatosha, mama," Efraimu alisema. "Njoo ukae."

Usiku ule watoto waligawanywa katika nyumba za waliohudhuria tamasha, na asubuhi Efraimu alipanda lori kuwarudisha mwenyewe. Abasi alikuwa mahali pake. Walipoukuta ukungu milimani, lori likasimama, na mzee akashuka pamoja na utingo.

"Nipe fimbo."

"Mzee, hii si kazi yako."

"Nimesema nipe."

Abasi akampa, akamshika koti kwa nyuma. "Basi usinyamaze hata kidogo, Mwalimu. Ukinyamaza, Fahadi atajua umetumbukia."

Mbele palikuwa peupe kama ukuta. Efraimu alinyoosha fimbo, ikagonga jiwe. Akainyoosha kushoto, haikugusa kitu. Akarudi kulia hatua moja. Hapa ndipo alipopita mtoto peke yake, bila mkono wa kumshika koti.

Akaanza kukariri shairi la maua ya pareto, lile ambalo watu wa Makambako hawakulisikia. Akaipaza sauti. Nyuma yake injini ikawaka, na lori likaanza kumfuata.