Ukoo Mzima Ulibonyeza

Mdogo wangu hakuniibia. Hilo naliweka wazi mapema, maana watu wakisikia pesa za dada zimeyeyukia mikononi mwa mdogo wake huanza kutikisa vichwa kabla hujamaliza. Pesa nilimpa mwenyewe, kwa mkono huu unaonuka mafuta ya nywele, na mama yetu akiwa shahidi.

Mimi ni msusi. Nasukia barazani kwa mama, viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni, na mvua ikinyesha tunakimbilia ndani, mteja na kichwa chake nusu. Kwa hiyo nilipoona chumba cha duka pale njia panda, chenye mlango wa chuma na bomba la maji ndani, nilikitaka mpaka nikawa nakiota. Mwenye nyumba alikubali kunishikia hadi mwisho wa mwezi. Kodi ya kuanzia nilikuwa nayo yote, imefungwa kwenye leso.

Hapo ndipo Meneja aliposikia. Meneja ni huyo mdogo wangu. Jina alipewa na shangazi kwa kejeli, siku alipoanza kutembea na kompyuta kwapani, na yeye badala ya kukasirika akalipenda. Alikuwa amemaliza somo la bure mtandaoni, la jinsi ya kuuza vitu vya watu wengine. Alinieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Kuna kampuni inauza mkanda wa kunyoosha mgongo. Yeye mkanda haununui, hauweki stoo, haubebi. Kazi yake ni kuweka tangazo. Mtu mwenye mgongo mbovu akitafuta nafuu kwenye simu, tangazo linamtokea juu kabisa; akilibonyeza anapelekwa kwenye duka la kampuni; akinunua, Meneja anapata kamisheni.

"Na hilo tangazo ni bure?" nikamuuliza.

"Kuonekana ni bure, dada. Nawalipa wenye mtandao pale tu mtu anapobonyeza."

"Akibonyeza asinunue?"

"Nalipa vilevile. Lakini mtu habonyezi bila sababu. Anayebonyeza ujue mgongo tayari unamuuma."

Nikamwambia mimi mgongo unaniuma tangu nianze kusuka na sijawahi kubonyeza kitu. Akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anachambua mchele pembeni, akasema bila kuinua uso, "Mshike mkono mdogo wako. Chumba hakina miguu."

Basi nikafungua leso. Meneja aliahidi kabla ya mwezi kwisha pesa zitakuwa zimerudi na wenzao.

Mwanzoni mambo yalikwenda polepole. Watu wachache walibonyeza, mmoja akanunua, na Meneja akaja kutuonyesha ile kamisheni ndogo huku mashavu yamemvimba kwa furaha. Akamshikisha mama simu, akamwelekeza kuandika "mkanda wa mgongo", tangazo likatokea. "Hili la kwanza kabisa, mama. Hilo ndilo langu." Mama alilitazama kwa muda mrefu. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuandika hata neno moja kwenye simu. Simu kwake ni ya kupokelea na kulalamikia kwamba haisikiki. Siku ile alijifunza herufi kwa herufi, kwa ajili ya mwanawe.

Baada ya hapo soko likawaka. Asubuhi moja Meneja alikuja barazani mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Dada, wanabonyeza. Tangu alfajiri hawajapumzika."

"Wananunua?"

"Watanunua. Tulifundishwa kwamba mtu hubonyeza kwanza, akaenda kufikiria, halafu akarudi. Nimeongeza kiwango cha kutumia kwa siku, nisije nikawakosa."

Kesho yake wakazidi, naye akaongeza tena. Aliyenunua hakuna. Nikamuuliza kama hao watu wake wana migongo kweli au wana vidole tu. Akaniambia mimi nina kipaji cha kukatisha watu tamaa.

Halafu akaja binamu yetu kusuka. Nilikuwa nimefika katikati ya kichwa chake alipotoa simu, akasema, "Ngoja kidogo dada, nibonyeze la mchana kabla sijasahau."

"La mchana la nini?"

"Tangazo la Meneja. Kwani hukumsikia mama mkubwa kwenye kundi?"

Kundi la ukoo mimi nililinyamazisha zamani, tangu mjomba aanze kututumia picha za maua kila kukicha. Binamu akanisikilizisha. Ilikuwa sauti ya mama yangu mzazi, ameisogeza simu mdomoni kabisa: "Wanangu, wifi zangu, shemeji zangu, hamjambo. Mwenzenu amefungua biashara. Haombi mchango. Andikeni mkanda wa mgongo, mbonyeze lile la kwanza kabisa. Asubuhi, mchana na jioni. Waambieni na majirani, na kazini kwenu. Umoja ni nguvu." Chini yake majibu yamejipanga. Nimebonyeza. Nimebonyeza na mume wangu. Ofisi nzima tumebonyeza. Mama mdogo, ambaye ni mwalimu, alikuwa amewabonyezesha walimu wenzake wote.

Nikamwacha binamu na nusu kichwa chake, nikaenda chumbani kwa Meneja na kitana mkononi. Alikuwa kitandani, kompyuta mapajani, anatabasamu peke yake. Nikamwambia. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale kidogo, halina kazi. Akafungua ukurasa unaoonyesha wabonyezaji wanatoka wapi. Ilikuwa miji ileile tuliyo na ndugu.

Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mtu mmoja akibonyeza ovyo ovyo, wenye mtandao hugundua na kurudisha pesa. Lakini hawa walikuwa watu wa kweli, simu mbalimbali, nyumba mbalimbali. Hakuna mtambo wa kugundua kwamba wanakupenda tu. Akalizima tangazo. Kilichobaki hakikutosha hata kodi ya mwezi mmoja.

"Usimwambie mama," akasema.

"Utamwambia wewe."

"Nitamwambia mwenyewe, dada. Nakuapia."

Mwezi ukaisha. Mwenye nyumba alinivumilia kidogo kwa hisani, kisha chumba akampa fundi simu. Nilipita pale nikamkuta anapigilia rafu zake. Nililia njiani, mtu mzima na mkoba wangu, wala sikujali nani ananiona.

Jumapili mama akaita ndugu. Meneja alikuwa amemwambia kwamba biashara imekufa, kilichoiua hakusema. Sebule ilijaa mpaka watu wakakalia ndoo.

"Nataka kujua nani kati yetu hakubonyeza," mama akasema. "Penye wengi hapaharibiki neno. Hili limeharibikaje?"

Wakaanza kujitetea mmoja mmoja. Shangazi alibonyeza mpaka bando likamwishia. Mjomba alibonyeza akiwa amelazwa wodini, na muuguzi akamsaidia. Ikafika zamu yangu.

"Mimi sikubonyeza," nikasema.

Shangazi akashusha kikombe chake. "Kikulacho ki nguoni mwako," akamwambia mama, kana kwamba mimi sipo.

Ndipo nikayasema yote. Kwamba kila bonyezo lilikuwa linalipiwa. Kwamba lililipiwa kwa pesa ya chumba changu. Kwamba ni sisi wenyewe tuliomaliza mtaji ule, tukijidhani tunamjenga.

"Kwa hiyo leo sisi ndio wachawi?" shangazi akauliza. "Tangu lini kumsaidia mtu kukamfilisi?"

Mama alimgeukia Meneja. "Mwanangu, ni kweli anayosema dada yako?"

Meneja alikuwa amekaa ubavuni mwangu kwenye kochi, goti lake linagusa langu. Alimtazama mama, akawatazama wale wote waliotoka mbali kwa ajili yake.

"Dada haya mambo ya mtandao hayajui vizuri," akasema. "Ana uchungu tu wa chumba."

Mama akashusha pumzi. Niliuona uso wake unavyofunguka, na nikajua kwamba nikiendelea nitashinda, kwa sababu kompyuta ilikuwa mezani na ushahidi wote umo ndani. Angejua mbele ya ukoo mzima kwamba kidole chake ndicho kilichomwangusha mwanawe. Mama yangu ana presha. Nikafunga mdomo.

"Haya," akasema kwa upole kabisa. "Hujachelewa. Toa simu yako ubonyeze tukuone, yaishe."

Nikatoa simu, nikaandika. La kwanza kabisa lilikuwa tangazo la mtu nisiyemjua, mkanda mwingine, duka lingine. Meneja aliliona. Nikabonyeza. Shangazi akapiga makofi, na wengine wakampokea.

"Asante, dada," Meneja akasema.

Chumba nitatafuta kingine, na ile hasara ningeisamehe, maana hakuna aliyeitaka. Lakini asante ile aliitoa kwa sauti safi, mbele za watu, akijua. Siku hizi akipita barazani ananisalimia, nami namwitikia huku naendelea kusuka.