Kilichozama kwenye Pipa

Bernadina alifika duarani, kwenye shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, saa mbili asubuhi akiwa na dumu moja la mafuta la lita ishirini na uhakika wa kutosha kugawia kijiji kizima. Alikuwa fundi wa injini za dizeli kutoka Kambarage, mjini Shinyanga, na kwa miaka miwili alikuwa akigeuza mafuta ya mbegu za pamba kuwa dizeli. Ubaya wa dizeli hiyo hakuuficha: injini ilipungua nguvu na nozeli za kunyunyizia mafuta zilishika masizi. Dawa aliipata kwenye unga wa madini ya seriamu, chembe ndogo mno, hata vumbi mbele yake ni mawe. Gramu ishirini tu kwa pipa zima, injini inachoma mafuta vizuri na nguvu inarudi.

Wenye maduara sita walimkatalia. Wa saba, Mayala, aliyechimba pembeni mwa mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, alikubali pipa moja la majaribio kwa sharti: Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, injini ya pampu iwe imetoa maji shimoni hadi ngazi ya tatu ionekane. Ikishindwa, Bernadina achukue mafuta yake na asirudi tena. Na Mayala akikataa, nani mwingine angemsikiliza?

Basi alipokuwa anashuka kwenye bodaboda, akaisikia injini ikizima.

"Fundi, mafuta yako yamekohoa mara tatu yakalala," Mayala alimwambia. Nyuma yake wachimbaji kumi na wawili walikaa juu ya viroba vya mawe, taa kichwani, wakimtazama mwanamke huyu aliyekuja kuwachelewesha.

Bernadina aliinama kwenye injini. Alifungua chujio la mafuta akakuta limejaa uji mzito wa njano. Ulikuwa unga wake mwenyewe, umegandamana. Lakini mbona mwingi hivi? Pipa alilileta Jumatatu, na leo ni Alhamisi tu. Akamgeukia Ngusa, mzee mtunza injini.

"Shikamoo, mzee Ngusa."

"Marahaba, mayu." Alimwita mama kwa Kisukuma, lakini hakumtazama usoni.

"Pipa umelifanyaje?"

"Nililiacha litulie. Mafuta ya juu nikayatoa, nikaipa injini yale ya chini, yenye njano." Akachomoa mfukoni kifuko cha nailoni kilichofungwa vizuri. "Njano nyingine nimekuwekea, isipotee."

Bernadina alitaka kucheka, akataka kulia. Kwa miaka thelathini Ngusa alikuwa ameosha mchanga kwenye karai, maji yakienda zake na chenye thamani kikibaki chini. Mzee wa watu alikuwa amelitunza pipa lake kama dhahabu.

"Nani kaharibu?" Mayala aliuliza, na Ngusa akainamisha kichwa. Kibarua chake kilikuwa ndani ya swali lile.

"Mimi," Bernadina alisema. "Nilimwachia pipa bila kumweleza. Unga huu ukizama umekufa. Kazi yake ni kuelea ndani ya mafuta. Hili dumu nimelitikisa alfajiri kwenye beseni la mawimbi ya sauti, lile la umeme la kuoshea nozeli karakana. Nipe hadi saa sita, kama tulivyokubaliana."

Alimwaga tangi lote, akafunga chujio jipya, akasafisha nozeli, akatia mafuta ya dumu. Ngusa alimshikia spana bila kuambiwa. Saa nne kasorobo injini ilikohoa, ikashika, ikanguruma. Bernadina alifunga kitambaa cheupe karibu na bomba la moshi, makusudi, kila mtu aone kama kitashika masizi.

Saa sita kasoro dakika kumi mchimbaji mmoja aliinama shimoni na kupaza sauti: ngazi ya tatu hiyo! Kitambaa kilikuwa na kivuli cha kijivu tu. Wachimbaji wakainuka na kuanza kushuka mmoja mmoja.

"Lete pipa jingine," Mayala alisema.

"Na lile beseni," Ngusa akadakia. "Nitalisimamia mwenyewe."

Kisha akakifungua kile kifuko chake cha nailoni, akakitazama kwa muda, akakikung'utia kwenye lundo la mabaki, pale wanapotupa mawe yasiyo na dhahabu.