Kikohozi Katika Chumba cha Vanishi

Ukitaka kujua leo nimepiga msasa mti gani, tazama leso yangu. Nikipenga jioni makamasi yakatoka mekundu, ni ule mti mwekundu mgumu. Yakitoka ya manjano, tulikuwa na makabati ya mbao ya njano. Miaka yote niliyokaa karakanani niliyaona ni uchafu tu, nikaifua leso, nikaianika, basi.

Aliyenileta pale ni Mjomba, kaka yake mama, nilipomaliza shule ya msingi. Yeye hapigi msasa. Ni fundi wa vanishi, na fundi wa vanishi ana chumba chake. Madirisha yamefungwa, mlangoni kuna pazia la nailoni, sakafu inanyunyizwa maji ili vumbi lisiruke. Vanishi mbichi ni kama jicho, haivumilii hata punje. Kwa hiyo mle ndani mtu haongei ovyo, hapigi chafya, na kukohoa ndiyo kabisa. Tone moja la mate likidondoka, kazi nzima inarudi kwenye msasa, yaani kwangu.

Zamani Mjomba alikuwa akibanwa anatoka nje, anakohoa, anarudi. Lakini Bosi akaanza kupokea meza za mikutano, ndefu, za kujaza ukumbi mzima. Meza kama hiyo ukishaianza huruhusiwi kusimama. Ukisimama, pale ulipoishia panaanza kukauka, na ukirudi unaacha mstari ambao kila mtu atauona. Basi Mjomba akanunua dukani dawa ya maji ya kukata kikohozi. Kila asubuhi anakunywa, anaingia chumbani kwake. Kikohozi kikakatika kweli.

"Fundi kapona!" Bosi akafurahi.

Yupo seremala tunamwita Randa, kwa sababu haachi mbao wala mtu bila kumkwangua. Huyo akampa Mjomba jina jipya.

"Bubu, umeamkaje?"

"Bubu hajibu," Mjomba anajibu, na karakana nzima inacheka.

Nami nilicheka, ila macho yangu yalikuwa na kazi nyingine. Tunakaa nyumba moja. Nilimwona akifunga kamba za viatu na kupumzika katikati. Mito kitandani kwake iliongezeka, mpaka akawa analala kama mtu aliyeketi. Jioni paji lake lilikuwa la moto. Akicheka, kifuani mwake kulisikika kitu kama sufuria inayotokota chumba cha pili. Nikawaza: mbona tunashangilia? Nyumba iliyonyamaza si lazima iwe na amani. Inawezekana aliyekuwa akipiga kelele amezibwa mdomo.

"Mjomba, twende zahanati."

"Kufanya nini? Umenisikia nakohoa?"

"Ndiyo maana. Sikusikii."

Akanikodolea macho. "Wewe mama, wewe! Nikikohoa mgonjwa, nisipokohoa mgonjwa. Sasa nishike lipi?"

Sikubishana. Nilikaa mlangoni na viatu vyake mapajani. Mwishowe akanyoosha mkono, nikampa viatu, tukaenda.

Tabibu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Alimsikiliza Mjomba mgongoni kwa kipimo chake, akahama, kisha akarudi chini upande wa kulia, akakawia hapo. Akauliza kazi, akauliza dawa. Mjomba akatoa chupa mfukoni kwa fahari kama anayeonyesha picha ya mjukuu.

"Hii ndiyo iliyonifaa."

"Hii ina watu wake, mzee. Wewe si mmoja wao." Akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Hewa unayovuta haiingii kifuani hivihivi. Puani inakuta nywele na kamasi, vumbi kubwa linanasa hapo. Linalopita linakuta njia yote imepakwa ute unaonata. Na kwenye kuta za njia hiyo kuna vinywele vidogo sana, huwezi kuviona kwa macho. Vinapepea muda wote kuelekea juu, vinausukuma ute na takataka zake hadi kooni. Hapo unameza bila kujua. Tumboni kuna asidi kali, humaliza mengi."

Nilijikuta nashika pua yangu.

"Na kikohozi?" nikauliza.

"Kikohozi ni msukumo wa nguvu, mzigo unapovizidi vile vinywele. Mvuke wa vanishi unavilegeza. Moshi nao hivyohivyo. Sasa huyu vinywele vyake vimelegea, na kikohozi amekikata kwa dawa. Nani atatoa mzigo?"

Mjomba hakutaka kushindwa kirahisi. "Si tunaambiwa mwili una askari?"

"Unao. Chini kabisa, kwenye vifuko vya hewa, kuna walinzi wanaokula vumbi na vijidudu. Wakizidiwa wanaita wenzao kutoka kwenye damu, na homa yako ya jioni ni kelele za vita hiyo. Kuna na wengine wanatengeneza silaha ya kukinasa kijidudu fulani, na wanaikumbuka sura yake siku kikirudi. Lakini kwenye vita watu wanakufa, mzee. Hayo makohozi unayoyachukia ndiyo yanayobeba maiti, za askari wako na za adui. Wewe umefunga njia ya makaburini."

"Kumbe nina msiba kifuani na sijaambiwa," Mjomba akasema. Tabibu akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Una nimonia. Bado haijakomaa, nakupa dawa, umalize zote hata ukijiona mzima. Upumzike. Ukirudi kazini, barakoa usoni na dirisha wazi. Na kikohozi kitarudi kwa fujo, kitakuchosha. Kiache kifanye kazi yake."

Tulipokaribia nyumbani Mjomba alisimama.

"Bosi akinisikia nakohoa, brashi atampa mwingine," akasema. "Nikitoka mle chumbani mimi ni nani, mama? Mzee wa kufagia maranda."

Maneno ya kumfariji yalikuwepo, lakini yote yalikuwa ya uongo.

Alimeza dawa zake, homa ikaondoka, mito ikapungua. Kikohozi kikarudi kama tulivyoambiwa, kizito, cha kumkunja mgongo. Alipoanza tena kazi Randa alipiga makofi: "Bubu kasema!" Mjomba akacheka, akakohoa, akacheka tena. Ila Bosi hakucheka. Alimpeleka mpaka kwenye meza mpya, ndefu, ya umbo la yai, niliyokuwa nimeilainisha mwenyewe.

"Fundi, kifua vipi?"

"Kipo."

"Wenyewe wanaifuata kesho. Nakuamini wewe tu."

Bosi alipoondoka niliona umbo la chupa mfukoni mwa Mjomba. Chupa mpya.

"Ni ya leo tu," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Naomba niingie nikushikie taa."

Mle chumbani haingii mtu mwingine. Alinirushia barakoa. "Funga nywele vizuri."

Chupa aliiweka ukingoni mwa dirisha, haijafunguliwa. Akachovya brashi. Sijawahi kuona mkono kama ule: unashuka mrefu, mwepesi, hauonyeshi unapoanzia. Meza ikaanza kung'aa nyuma yake kama inayolowa yenyewe. Alikuwa amepita katikati mabega yalipopanda. Akaacha kuvuta pumzi. Shingo ikavimba. Macho yakaenda kwenye chupa, yakaja kwenye meza, yakaja kwangu.

Akanisukumia brashi mkononi, akapasua pazia la nailoni, akatoka.

Nje kikalipuka. Mimi nimesimama na brashi inayodondosha, ukingo wa vanishi unaanza kufifia mbele yangu.

"Usisimame!" sauti yake ikaja katikati ya kikohozi. "Vuta ndefu! Usirudi... nyuma!"

Nikavuta. Roho mkononi, nikavuta tena. Nilimsikia anatema kwenye kopo, nikamsikia Randa akisema polepole, "Maji haya, Fundi." Nilipofika mwisho wa meza nikainua brashi.

Mjomba alirudi anafuta mdomo, pumzi imekaa sawa. Akainamisha kichwa juu ya meza. Aliuona papo hapo: mstari mwembamba, pale mkono ulipobadilika. Bosi akatokea nyuma yake, naye akauona.

"Nini hiki?"

"Hapo nilitoka kukohoa," Mjomba akasema. "Na nitatoka tena, mpaka kifua kisafike. Nikitoka, huyu atashika brashi. Na dirisha moja tulifungue, tuliwekee chandarua cha kuzuia vumbi. Ukiona haifai, chumba ni chako."

Bosi alizunguka meza, mikono mgongoni. Vidole vya Mjomba vilikuwa vimeshika ukingo wa shati langu, kama mtoto sokoni.

"Mstari unatoka?" Bosi akauliza.

"Unatoka. Ikauke, ipigwe msasa, irudiwe. Kesho haitakuwa tayari."

"Watanipigia kelele."

"Watapiga."

Bosi alitoa simu, akatoka nayo nje. Brashi hakuichukua.

Tukakaa kwenye benchi kungoja ikauke. Mjomba akaniwekea brashi kavu mkononi, akanishika kiwiko. "Mkono wako unakimbia," akasema. "Unaogopa meza. Uache ushuke kwanza, halafu..." Kikohozi kikamkatisha. Aligeukia kopo lake, akakitoa chote, akangoja kiishe. "Halafu ndiyo uvute," akaendelea.