Jicho la Pili la Fitaurari

Jumatatu asubuhi mchoraji wetu, Alaka Tsemru, alikoroga rangi nyeusi kwa kiini cha yai, akapanda ngazi ndani ya kanisa la Mtakatifu Giorgis, akamchora Fitaurari Gessesse jicho la pili. Ilikuwa mara ya nne. Fitaurari ndiye mkuu wa wilaya, ndiye aliyegharimia ukuta mzima, na mfadhili huchorwa akisujudu chini ya miguu ya mtakatifu. Kwetu mtu mwema huchorwa uso mzima, macho mawili. Shetani, Yuda na wenzao huchorwa kwa upande, jicho moja. Hata mtoto wa kunyonya anajua.

Tsemru alishuka kunywa kahawa. Aliporudi, Fitaurari wa ukutani alikuwa ameshageuza uso, jicho moja, pua imeelekea mlangoni. Rangi ilikuwa bado mbichi. Kasisi Kinfe, aliyekuwa akifagia, alisema amegeuka taratibu tu, kama mtu aliyeitwa na mkewe. Kisha akaendelea kufagia.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwaka juzi Fitaurari aliapa mbele ya ukuta huohuo, mkono juu ya Injili, kwamba shamba la shayiri la mjane Yeshareg lilikuwa la babu yake. Sote tulikuwapo. Sote tulijua babu yake hakuwahi kulima hata kitunguu. Tukanyamaza, maana mdomo uliponza kichwa, na vichwa vyetu tulivipenda. Shamba likawa lake.

Mchana Fitaurari alikuja na nyumbu wake, akajitazama ukutani kwa muda. Akawajulia hali watoto wa mchoraji, mmoja mmoja kwa jina.

“Alhamisi ni sikukuu, Alaka,” akasema. “Watu wakinikuta na jicho moja, wewe watakukuta na mkono mmoja. Tutakuwa tumelingana.”

Tsemru aliogopa, na hakuficha. Jumanne alimchorea Fitaurari nguzo mbele ya pua ili asipate nafasi ya kugeuka. Fitaurari wa ukutani akageukia upande wa pili. Jioni mkewe alimwosha mkono wa kulia polepole, kidole kwa kidole, kama anayeosha maiti.

Jumatano Yeshareg alimletea kibuyu cha pombe ya shayiri, akamwomba amwache bwana yule hivyohivyo.

“Sina shahidi mwingine, baba. Walio hai wamekataa.”

“Mama, mkono wa kuchorea ninao huu mmoja tu.”

Yule mama aliweka kibuyu chini akaenda zake, na Tsemru akapanda ngazi. Safari hii hakumgusa Fitaurari. Alianza na Giorgis mwenyewe.

Alhamisi tuliingia na shali zetu nyeupe, tukainua nyuso. Giorgis alikuwa na jicho moja. Mariamu jicho moja, malaika wote jicho mojamoja, wametazama upande kama kundi la kondoo. Shetani peke yake ndiye aliyepewa uso mzima na macho mawili, anatukodolea. Fitaurari alikuwa katikati ya watakatifu, hana tofauti nao. Kasisi Kinfe alihubiri kwamba mwenye haki hutazama upande mmoja tu, upande wa mbinguni. Tukaitikia amina. Tuliwangoja watakatifu wageuke, ibada nzima, shingo zikauma. Hawakugeuka.

Nje, Yeshareg alimsogelea Tsemru, akamwinamia kwa heshima kama kawaida.

“Ukinichora mimi kwenye ukuta ule, baba, utanipa macho mangapi?”

Tsemru aliuficha mkono wa kulia ndani ya shali.

“Mawili, mama.”

Yeshareg aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Kesho yake tulimwona na mundu, mgongo umepinda, akivuna shayiri ya Fitaurari.